Kashikwa na Tumbo Katikati ya Maji: Uchambuzi wa Kisa cha Raskazone

Mtu akizama mwambao wa Tanga, sababu mbili hutajwa kabla hata mwili haujapatikana: "kashikwa na misuli", au "alikula, akaingia majini, tumbo likamkamata". Maelezo hayo yanafunga mjadala mapema mno. Maumivu ya tumbo peke yake hayamzamishi mtu. Kinachomzamisha ni yale anayoyafanya katika dakika chache baada ya maumivu kuanza, na mahali maumivu yalipomkuta.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimekusanywa kutokana na mambo yanayojirudia kwa waogeleaji wa ghuba ya Tanga, na hakimhusu mtu fulani. Mwogeleaji wake alitoka salama, kwa hiyo tunaweza kumfuata hatua kwa hatua tangu alipoweka glasi mezani mpaka alipokanyaga mchanga.

Kisa chenyewe

Kijana wa miaka 19, mwembamba, mwenye afya njema. Kuogelea amejua tangu utotoni kwa kuigaiga wakubwa, hajawahi kufundishwa. Ni Jumapili, siku mbili baada ya mwezi kuwa mpevu. Saa 1:30 asubuhi anakunywa chai: bakuli la mbaazi za nazi na mahamri manne. Njiani anaongeza glasi mbili kubwa za juisi ya muwa, karibu nusu lita. Saa 2:00 yuko Raskazone, ufukweni mjini Tanga, na wenzake watatu. Wanakubaliana kushindana hadi mashua iliyotia nanga kama mita 250 kutoka ufukweni, kisha warudi. Hakuna aliyepasha mwili moto. Wanaingia kwa kishindo, vichwa juu, mikono inachapa maji kwa nguvu zote.

Akiwa amekwenda kama mita 120, anasikia kitu mithili ya kisu chini ya mbavu za kulia. Haachi, maana wenzake wako mbele. Mita 30 baadaye maumivu yanapanda mpaka ncha ya bega la kulia. Hapo anasimama wima majini, anashika tumbo kwa mikono yote miwili na kubana pumzi. Anapigwa na wimbi dogo la usoni, anameza maji ya chumvi mara mbili, anakohoa. Anapogeuka kutazama nchi kavu, mti wa mkungu aliokuwa ameuacha nyuma yake umesogea pembeni: mkondo umemvuta kuelekea mdomo wa ghuba. Anaanza kuogelea moja kwa moja kuurudia mkungu ule. Dakika nne zinapita, mkungu uko palepale. Sasa hata ukuta wa tumbo umeanza kukaza, mgumu kama ubao.

Mvuvi mzee aliyekuwa akirudi na ngalawa anamsogelea, anasimama umbali wa mita kama nne.

"Una nini, mwanangu?"

"Tumbo, babu! Tumbo linanikata!"

"Lala chali! Usipigane na maji. Shusha pumzi kwanza, shusha!"

Anamrushia dumu la njano la lita 5 lililofungwa kamba. Kijana analikumbatia kifuani, analala chali, anahema. Baada ya dakika tatu hivi maumivu yamepungua nusu. Mzee anamvuta taratibu hadi maji ya kiunoni, akishukia mbali kidogo na walipoingilia vijana. Robo saa baadaye kijana hana maumivu yoyote, isipokuwa tumbo kuwa na uchovu kama wa mtu aliyelima kutwa.

Maumivu haya yalikuwa yapi?

Kwa lugha ya mtaani yote ni "tumbo". Lakini majini kuna maumivu matatu tofauti, na tofauti hiyo si ya kitabuni, kwa sababu tiba ya moja inaweza kuzidisha jingine.

La kwanza ni kichomi. Kinakaa pembeni, chini tu ya mbavu, mara nyingi upande wa kulia. Kikiwa kidogo kinavuta au kinauma kwa mbali. Kikikolea kinachoma kama sindano, hasa unapovuta pumzi ndani. Wakati mwingine kinapeleka maumivu kwenye ncha ya bega la upande uleule, kwa sababu neva inayohudumia kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, inatoka shingoni pamoja na zile zinazohudumia ngozi ya bega. Alama yake kubwa ni kwamba ukipunguza kasi kinaanza kuondoka ndani ya dakika chache.

La pili ni msokoto. Huu uko katikati, karibu na kitovu au chini yake. Unakuja na kupoa, unakuja na kupoa, na huandamana na gesi, mngurumo, kichefuchefu au haja ya kwenda chooni. Hapa yanayolalamika ni matumbo yenyewe.

La tatu ni msuli wa tumbo kukaza. Ukiweka vidole juu yake unausikia: kuna kipande kigumu kimejikunja ukutani mwa tumbo. Huja ghafla, mara nyingi mtu anapochoka sana, anapopiga teke la nguvu kuokoa mwendo, au anapojivuta kupanda chombo.

Kijana wetu alianza na kichomi. Mahali, uchomaji na bega vinatosha kuthibitisha. Dakika nne za kupigana na mkondo ndizo zilizomwongezea msuli. Msokoto hakuupata.

Kichomi si jambo la ajabu kwa waogeleaji. Uchunguzi uliochapishwa na watafiti wa Australia mwaka 2000, ukihusisha wanamichezo 965, uliwakuta waogeleaji ndio wanaoongoza: karibu robo tatu yao walikuwa wamekipata ndani ya mwaka uliotangulia. Waliwafuata wakimbiaji, kisha wapanda farasi. Michezo yote hiyo inakipindapinda na kukitikisa kiwiliwili. Vijana walikipata zaidi ya watu wazima.

Sababu, moja baada ya nyingine

Wataalamu hawajamaliza kubishana kuhusu nini hasa kinachouma katika kichomi. Maelezo yenye nguvu zaidi yanaugusa utando mwembamba unaotanda ndani ya ukuta wa tumbo. Utando huo una hisia kali sana. Tumbo likijaa, likasukumwa nje huku kiwiliwili kinajipinda kulia na kushoto, utando unasuguliwa na kuvutwa. Maelezo mengine yanakitaja kiwambo kilichochoshwa na pumzi fupifupi, au kano zinazoning'iniza ini na tumbo. Kwa mwogeleaji wa Raskazone yote yanafika mahali pamoja: usiingie na tumbo lililojaa vitu vya majimaji, usianze kwa kasi, usipumue juujuu.

Tuanze na kile ambacho kila mtu angekilaumu, yaani chakula. Mbaazi za nazi na mahamri ni chakula kizito. Mafuta ya nazi na ya kukaangia yanachelewesha tumbo kumimina kilichomo, na mlo kama huo unaweza kukaa tumboni saa 3 au zaidi. Kuingia nao majini baada ya nusu saa ni kujitafutia adha. Lakini adha hiyo ina mpaka wake. Mwaka 2011 jopo la wanasayansi linaloshauri Msalaba Mwekundu wa Marekani lilipitia ushahidi uliopo na halikuona kwamba kula kabla ya kuogelea ndiko kunakozamisha watu. Kwa kuzama, pombe ni hatari kubwa mno kuliko pilau. Wazee wanaowakataza watoto kuingia baharini wakiwa wameshiba wanawaepusha na kutapika na kichomi, na hilo ni jema. Ubaya ni pale katazo hilo linapokuwa ndilo somo pekee la usalama ambalo mtoto analipata, na asiyekula akadhani yuko salama.

Juisi ya muwa kwa kisa hiki ina hatia kubwa kuliko mbaazi. Nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Kinywaji kilichokolea sukari kiasi hicho hakiondoki tumboni haraka kama maji. Kinavuta maji kutoka mwilini kwanza ili kijizimue, na kwa muda tumbo linazidi kujaa badala ya kupungua. Majaribio ya wakimbiaji yameonyesha kuwa juisi yenye sukari ya gramu 10 hivi kwa kila mililita 100 inachochea kichomi kuliko maji matupu. Soda nyingi za kawaida ziko kiwango hichohicho, na gesi yake inaongeza ujazo. Kwa hiyo yule anayesema "sijala kitu, nimekunywa soda tu" hajajikinga.

Pumzi ndiyo sababu ya tatu, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu anayeogelea kichwa juu hupumua kwa kifua cha juu tu: anavuta, anabana, anavuta tena kabla hajamaliza kutoa. Kiwambo kinabaki kimekaza, hakipati nafasi ya kupumzika. Tena anayegugumia hewa mdomoni humeza nyingine tumboni, na hewa hiyo inakwenda kukisukuma kiwambo kutoka chini. Kichwa kikiwa juu, miguu nayo inashuka, mgongo unapinda kama upinde, na tumbo linasukumwa nje. Mtu huyo anatumia nguvu nyingi kwenda polepole.

Ya nne ni kuanza kwa kishindo. Misuli ya kupumulia nayo inahitaji kupashwa moto kama miguu. Ukitoka kwenye kukaa barazani ukaingia kwenye mbio za mita 250, damu inahamia mikononi na miguuni kwa ghafla, na pumzi inachelewa kuifuata.

Kukaza kwa msuli kulikofuata kuna sababu yake. Watu wengi husema ni upungufu wa chumvi, na wengine hubeba chumvi ya kulamba. Jasho jingi linaweza kuchangia, lakini ushahidi mwingi unaegemea uchovu: msuli uliochoka unapoteza breki yake, neva zinauamuru ujikunje bila kuuambia uachie. Ndiyo maana kinachouachisha ni kuunyoosha. Chumvi iliyolambwa ufukweni haifiki kwenye msuli kwa wakati.

Baridi tunaitaja kwa kifupi tu. Maji ya Tanga hayana baridi ya kumkamata mtu ghafla. Hata kipindi cha kusi, mwezi wa 7 na wa 8, hubaki karibu nyuzi 25. Hata hivyo maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa, na mtu mwembamba aliyekaa ndani saa nzima huku upepo unavuma anaanza kukakamaa.

Jambo moja halikumhusu kijana huyu ila linawahusu wengi, hasa wanawake na wasichana: vazi. Kanga iliyofungwa kibwebwe, au lastiki inayobana kiunoni, inalizuia tumbo kutanuka, na pumzi inarudi kuwa ya juujuu. Dera likilowa nalo linakuwa mzigo miguuni. Suruali nyepesi ya kubana mwili isiyokaza kiunoni, na fulana ya mikono mirefu, vinasitiri vizuri na vinaacha tumbo lifanye kazi yake. Mwenye maumivu ya hedhi hakatazwi kuogelea, lakini abaki maji ya kifuani, kwa kuwa maumivu hayo hayapoi kwa kupunguza mwendo na yanaweza kumchanganya asijue yapi ni yapi.

Mkondo: nusu ya kisa ambayo haitajwi

Lau kichomi kilekile kingempata kijana huyu kwenye maji ya kifuani, angesimama, angeinama kidogo, na kisa kingeishia hapo. Alipata bahati mbaya ya kukipata wakati bahari inakimbia.

Siku mbili baada ya mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwambao wetu, katika bamvua, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti kati ya maji makuu na maji makavu Tanga hupita mita 3. Sasa chukua mita 3 hizo uzigawe mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa maji yanashuka fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote yanatoka katika saa mbili za katikati. Jumapili ile maji yalijaa mnamo saa 10:30 alfajiri. Saa mbili za katikati ziliangukia kati ya saa 12:30 na saa 2:30 asubuhi. Vijana waliingia saa 2:00, maji yakikimbia kutoka ndani ya ghuba kwenda nje.

Mwogeleaji asiyefundishwa huenda kilomita 2 hivi kwa saa, na akiwa na maumivu hafikishi hizo. Mkondo wa kilomita 2 kwa saa si mkali kwa macho. Unapita tu, hauna povu wala kelele. Lakini anayeukabili uso kwa uso anaogelea papo kwa papo kama aliyefungwa kamba kiunoni. Njia ni kuukata kwa mshazari kuelekea nchi kavu iliyo karibu na kukubali kutokea chini ya pale ulipoingilia. Kurudi kwa miguu mita 200 juu ya mchanga hakujamuua mtu.

Zile dakika chache

Hapa ndipo kisa kilipoharibika, kwa hiyo tunapaangalia kwa karibu.

Alisimama wima. Mtu akiwa wima, kichwa kizima kiko nje ya maji, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 ambao maji hayaubebi. Uzito huo unabebwa na miguu inayokanyaga maji bila kupumzika. Akilala chali, masikio ndani ya maji, bahari inambeba karibu wote. Maji ya chumvi yana uzito wa kilo 1.025 kwa lita, ndiyo maana yanaelesha kuliko ya mtoni.

Alishika tumbo kwa mikono miwili. Ni silika ya kila mwenye maumivu, lakini majini mikono ndiyo kasia. Mkono mmoja unatosha tumboni. Wa pili ubaki pembeni ukipapasa maji taratibu, kiganja kikielekea chini.

Alibana pumzi. Mtu akibana pumzi kiwambo kinabaki kimekaza, na hewa chafu inajilimbikiza mpaka anasikia kama anakabwa, kisha anavuta pumzi kwa pupa wakati wimbi linapita. Maneno ya yule mzee, "shusha pumzi kwanza", yalikuwa sahihi kitaalamu. Toa pumzi yote polepole kwa midomo iliyobanwa kama unayepoza chai, hesabu hadi nne au tano, kisha uvute kwa tumbo, si kwa mabega. Baada ya pumzi tano au sita za namna hiyo ndipo uanze kufikiri unaelekea wapi.

Kutoka hapo, tiba inagawanyika kulingana na maumivu. Kwa kichomi: chali, magoti yakunjwe kidogo, vidole viwili vikandamize mahali panapochoma kila unapotoa pumzi, uachie unapovuta. Kwa msuli uliokaza ni kinyume: chali, miguu inyooke, mikono ipelekwe taratibu nyuma ya kichwa, kitovu kiinuliwe kidogo kuelekea juu, ukae hivyo sekunde 20 au 30 mpaka usikie kipande kile kinalegea. Anayekunja magoti kwa msuli uliokaza anauongezea kujikunja. Anayejinyoosha kwa kichomi anaweza kuuvuta utando uleule unaouma. Kama huna hakika, elea chali bila kujikunja wala kujinyoosha, utoe pumzi. Hiyo haimdhuru yeyote.

Kwa msokoto hakuna mkao unaoutibu. Elea, poa, toka majini, kisha uende chooni.

Kuhusu kuita msaada: inua mkono mmoja wima, uushushe, uuinue tena. Kupunga mikono yote miwili kunakuzamisha kichwa.

Mzee wa ngalawa naye alifanya mambo matatu ambayo wale wenzake kijana watatu wasingeyajua. Hakumsogelea akafikiwa kwa mikono. Mtu aliyetishika humpanda yeyote anayemgusa. Alirusha kitu kinachoelea kabla ya kitu kingine chochote. Na hakumlazimisha kupanda chombo, maana kujivuta kupanda ngalawa ndiko kunakoukaza msuli wa tumbo upya.

Dumu la njano

Madumu ya njano ya mafuta ya kula ya lita 5 yako kila nyumba. Dumu tupu la lita 5 lililofungwa linabeba karibu kilo 5 majini, na hiyo inatosha kumweka kichwa juu mtu mzima aliyelikumbatia. Lita 20 linabeba zaidi lakini ni shida kulirusha na upepo unalipeperusha.

Namna ya kuliandaa: lioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe, maana likiteleza halishikiki. Weka kipande cha nailoni juu ya mdomo wake ndipo ukaze kifuniko. Lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa dakika moja ukitazama mapovu. Likitoa hata povu moja moja, tafuta jingine. Funga kwenye mkono wake kamba laini ya mita 1.5, na upande wa pili utengeneze kitanzi kipana cha kuvaa kiunoni, kilichofungwa kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Kamba ikizidi mita 2 inakwenda kuzunguka miguu. Ukiogelea, dumu linafuata nyuma. Halikuzuii kitu cha maana, na wenye vyombo wanaiona njano yake kwa mbali. Dumu la kurushia watu wengine, kama la yule mzee, lifungiwe kamba ya mita 10 hadi 15 na litiwe maji kidogo ndani, kama nusu lita, ili lipate uzito wa kuruka. Litakalobaki bado linabeba.

Dumu likipigwa jua muda mrefu plastiki yake inakakamaa na kupasuka kwenye pembe. Likague kila mara, hasa pale mkono unapoungana na mwili wa dumu.

Kinga, kuanzia mezani

Mlo mzito wa mafuta, kama mbaazi za nazi, supu na chapati, au pilau, uupe saa 2 hadi 3. Mlo mwepesi, kama uji bakuli dogo au vipande viwili vya mkate, saa 1. Ndizi mbivu moja, nusu saa. Usiingie na njaa kali pia, kwa sababu mtu asiyekula tangu jana huchoka upesi na uchovu ndio mama wa kukaza misuli. Anayefunga Ramadhani na anataka kuogelea, afturu kwa tende na maji, asubiri chakula kikubwa mpaka atoke.

Kunywa maji matupu mapema, kama nusu lita ndani ya saa mbili kabla ya kuingia, kwa mafunda madogo. Nusu saa ya mwisho usizidishe mililita 150, kama kikombe kidogo. Juisi ya muwa, ukwaju au embe ni tamu zaidi ukitoka.

Pasha mwili moto kwa dakika 10. Tembea haraka ufukweni, zungusha mabega, kisha uogelee mita 100 za kwanza sambamba na ufukwe kwenye maji ya kifuani, kwa mwendo ambao ungeweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Kama kichomi kitakuja, mara nyingi kitakuja hapo, miguu yako ikiwa inafika chini.

Zoezi la pumzi linafanyika hapohapo. Uso ndani ya maji, toa mapovu mfululizo kwa pua na mdomo, bila kubana. Geuza kichwa pembeni, vuta, rudisha uso. Shida ya wengi ni kutoa pumzi nje ya maji, wakati huohuo wanataka kuvuta, na muda hautoshi kwa yote mawili. Ukishazoea, vuta pumzi kila baada ya mikono mitatu ili ubadilishe pande; wanaopata kichomi upande mmoja kila mara hupata nafuu kwa mabadiliko hayo. Misuli ya tumbo iimarishwe nchi kavu: kulala kifudifudi ukiegemea viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20 mara tatu, siku tatu kwa wiki.

Kuhusu saa ya kuingia: kwa kila siku inayopita, maji yanachelewa kama dakika 50. Wiki moja baada ya Jumapili ile yangekuwa maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, yakijaa mnamo saa 4:20 asubuhi. Vijana walewale, saa ileile 2:00, wangekuta maji yanaingia polepole na mkondo dhaifu. Kama ni lazima iwe bamvua, waende mchana kuelekea saa 10 jioni, na waanze kwa kuogelea upande mkondo unakotoka ili kurudi kuwe rahisi.

Wakati ambao si kichomi

Kichomi kinachoendelea saa nzima baada ya kutoka majini si kichomi tena. Mwenye hali hiyo apelekwe kituo cha afya, na kwa aliye mjini Tanga hospitali ya Bombo ndiyo ya rufaa ya mkoa. Vivyo hivyo kwa maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia, hasa yakiandamana na homa au kutapika. Kwa tumbo gumu lisilotaka kuguswa. Kwa uvimbe wa kinena unaouma usiorudi ndani, ambao ni dalili ya ngiri iliyobanwa. Na kwa mwanamke aliyechelewa hedhi akapata maumivu makali ya chini upande mmoja. Mtu aliyevuka miaka 40 anayesikia kubanwa chembe ya moyo huku akitoka jasho jembamba au kuishiwa pumzi asiambiwe "ni gesi hiyo, mjomba". Moyo nao huumia hapo.

Aliyemeza au kuvuta maji ya chumvi abaki na mtu saa kadhaa. Kikohozi kisichokoma, pumzi za haraka, kifua kuuma au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo. Kijana wa kisa chetu alikohoa dakika chache tu, akanywa maji, akakaa kivulini. Tumbo likibaki na uchovu, apumzike siku moja au mbili. Siku ya kurudi aanzie mita 100 za maji ya kifuani, dumu likiwa nyuma yake, na mwenzake mmoja akiwa amekaa nchi kavu na la kurushia.